Mluzi wa Zizini

Mpanda,
8 Julai 1996

Mdogo wangu Pudensiana,

Kassiani anasema lori lake linarudi Kasansa kesho na mzigo wa chumvi na saruji, kwa hiyo naandika nikiwa nimekaa juu ya rundo la mbao hapa karakana. Ukikuta vumbi la randa ndani ya bahasha ujue ni salamu zangu. Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika, lakini limelalamika tangu ujana wangu na bado linakuja kazini.

Sasa habari yenyewe. Nyota ya Reli tumefika mchezo wa mwisho wa ligi ya mkoa, sisi na Sumbawanga, tena hapa hapa Mpanda, Jumamosi ya tarehe tatu Agosti. Tukitoka sare tu tunapanda daraja, na timu hii haijawahi kupanda tangu ianzishwe. Kepteni wake ni kaka yako, beki wa kati, namba tano, mtoto wa Malale wa Kasansa. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno kidogo. Jezi hii nilianza kuivaa sina viatu. Nimewekwa benchi, nimevunjwa pua, nimewaona mawinga wenye mbio wakija na kuondoka, na mimi bado nimesimama pale pale.

Hapa msomee baba polepole. Mwambie nyuma tuko wanne, na kelele zikizidi wenzangu hawanisikii nikiwaita. Kwa hiyo nimewafundisha mluzi wake. Ule mrefu unaopanda mwishoni, anaoupiga asubuhi akifungua zizi, na ng'ombe wote wanatoka pamoja. Nikiupiga, mabeki wote tunapanda mbele kwa mara moja, na mshambuliaji wa adui anabaki peke yake nyuma yetu, karibu na goli. Hapo sheria inasema ameotea, na bao lake halihesabiwi. Timu nyingi zimelia kwa mluzi huo na hazijui umetoka Kasansa.

Mwambie nataka aje aone, mara moja tu. Kassiani atampakia mbele, siyo juu ya magunia.

Ni mimi kaka yako,
Nashon


Kasansa,
17 Julai 1996

Kaka Nashon,

Shikamoo. Barua nimemsomea baba zizini, akiwa amemshika ndama mguu anamtoa mwiba. Aliniacha nisome mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtu mzima anakimbiza kitu ambacho hata akikikamata hakikamui." Halafu akaongeza lile unalolijua: mpira ni kazi ya watu wasio na ng'ombe.

Nikadhani yameisha. Kesho yake ananikuta natwanga, anauliza, "Hao wanne wanamtii?" Nikamwambia wanamtii. Akaondoka. Jioni tena: "Na huyo adui anayeachwa nyuma peke yake, hapigwi?" Nikasema hapigwi, baba, ni mchezo. Akatikisa kichwa kama anayemhurumia mtu. Juzi ndiyo kaja na la mluzi. "Anauvuta mpaka mwisho? Maana alipokuwa mdogo alikuwa anaukata, na ng'ombe wanabaki mlangoni wanashangaa."

Nikamwambia aende akausikie mwenyewe. Amesema hawezi kuacha ng'ombe, na ile njia ya porini ina mbung'o wengi kuliko majani. Kaka, mimi nimejaribu. Usimtegemee. Lakini ujue kwamba anauliza.

Mdogo wako,
Pudensiana


Kasansa,
4 Agosti 1996

Kaka Nashon,

Kaa chini kwanza. Baba alikuja.

Ametudanganya, mzee mzima. Alhamisi alituaga kwamba anakwenda Kibaoni kutafuta dawa ya kupe, na jana usiku akashuka kwenye lori la Kassiani amejaa vumbi mpaka kwenye kope, hana kofia, anatabasamu. Dawa ya kupe hana. Nikamuuliza ametoka wapi. Akasema, "Nimetoka kumwona mwanangu anachunga."

Sasa nakuandikia alivyosimulia, maana tangu jana anasimulia hilo tu. Anasema alisimama upande wenye kivuli, kwenye watu wenye ngoma. Alikutafuta akakuona katikati, na umesimama kama anavyosimama yeye, mguu mmoja mbele. Anasema jua lilipoanza kushuka, adui walikuja kwa wingi, na watu wako wakarudi nyuma mno, wakajazana mlangoni. Akaona kabisa kwamba huu ndio wakati, na wewe kimya. Akadhani kelele zimekumeza. Basi akaweka vidole mdomoni akakusaidia.

"Wakatoka, Pudensiana. Hawajawahi kuniona hata siku moja, na wakatoka!"

Kisha mpira ukaingia, na wale wenye ngoma wakamrukia, wakambeba juu wakazunguka naye, mmoja akamvua kofia akaivaa mwenyewe. Baba anasema hajawahi kuona watu wanaompenda mtoto wake kiasi hicho. Hapo Kassiani, ambaye alikuwa sokoni anapakia mzigo, akaja kumvuta mkono ili wasikutwe na giza kwenye tembo wa Sitalike. Ndiyo maana hakukusubiri, na anaomba usimlaumu.

Kaka, leo asubuhi alipofungua zizi alisema, "Jana tumefunga." Tumefunga! Huyo aliyekuwa anasema mpira haukamuliwi. Hongera kwa kupanda daraja. Niandikie upesi.

Pudensiana


Mpanda,
5 Agosti 1996

Mdogo wangu,

Tumefungwa bao moja bila, mwishoni kabisa. Kosa ni langu. Nilipiga mluzi wakati usiofaa, mabeki wakapanda, na mwenzetu mmoja alikuwa amebaki nyuma. Hatukupanda daraja. Viongozi walikaa jana wakanivua kitambaa cha ukepteni, na sikubishana nao.

Usimwambie baba lolote. Mpira haumhusu, kwa hiyo hakuna atakachokosa. Na usinitumie maswali mengi, naomba. Mimi mzima.

Nashon


Kasansa,
13 Agosti 1996

Kaka,

Barua zetu zimepishana njiani, nadhani zilipungiana mikono hapo Sitalike. Yako nimeisoma nyuma ya nyumba ili baba asinione.

Wewe unasema ulipiga mluzi. Baba anasema ulikuwa kimya. Kati yenu mmoja anasema uongo, na baba anaweza kutudanganya kuhusu dawa ya kupe, lakini mluzi wake hawezi kuusemea uongo. Na hao wenye ngoma waliombeba ni akina nani, kaka? Timu ya Mpanda haina ngoma, ulishaniambia mwenyewe kwamba mnashangiliwa kwa madebe.

Nimemuuliza Kassiani. Amegeuka kuangalia tairi. Niambie ukweli, mimi siyo mtoto.

Pudensiana


Mpanda,
24 Agosti 1996

Pudensiana mdogo wangu,

Haya, wewe siyo mtoto.

Mluzi ulikuwa wa baba. Niliujua kabla haujafika mwisho. Ungekuwa wewe usingeujua? Tumeamshwa nao utoto wetu wote. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuwazuia wenzangu wasipande, kwa sababu Ponsian, beki wetu wa kushoto, alikuwa amebanwa na misuli, amelala chini karibu na nguzo ya goli. Mtu wetu akiwa amelala pale, adui hawezi kuhesabiwa ameotea. Nilikuwa nasubiri Ponsian ainuke. Pale aliposimama baba, umati ulimziba, hakuweza kumwona Ponsian. Lakini sikiliza: mengine yote aliyaona sawa. Ule ndio wakati hasa ambao ningepiga mimi. Mtu ambaye hajawahi kutazama mpira hata siku moja, ametazama mara moja na ameona kile ambacho kocha amenifundisha kwa miaka.

Wenye ngoma ni watu wa Sumbawanga. Ndio, alibebwa na adui, nilimwona kutoka uwanjani.

Viongozi walituita. Mwenyekiti, mzee Cletus, akauliza mluzi ni wa nani. Ningesema ni wa baba yangu, na mtu angesimama pale aseme baba wa kepteni amebebwa juu juu na Wasumbawanga, na kuanzia hapo Malale angekuwa mtu aliyehongwa, katika mji ambao hana hata mtu mmoja wa kumtetea isipokuwa mimi. Nikasema ni wangu. Haukuwa uongo mkubwa sana. Mluzi ule ni wetu.

Utauliza kama iliniuma. Kitambaa kiliniuma, sikufichi. Nimekivaa miaka mingi, na mkono sasa ni kama umepungua uzito. Lakini pale uwanjani, mpira ukiwa bado haujaingia, nilifurahi. Wenzangu wanapanda, goli liko wazi, kila kitu kinaharibika, na mimi moyoni nasema: amekuja. Huwezi kumwambia mtu wa kamati kitu kama hicho.

Mwache na ushindi wake. Ndio wa kwanza niliowahi kumpa.

Kaka yako,
Nashon


Kasansa,
29 Septemba 1996

Kaka Nashon,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako kwa hasira, kisha kwa machozi, na sasa hasira imerudi.

Baba hayuko kimya kama unavyofikiri. Kila mnada anasimulia. Wazee wanaomjua tangu alipohama na ng'ombe kutoka kaskazini wanamwita Mzee Mluzi, na anaitika. Kuna fahali mwekundu amempa jina la Kepteni. Mimi na Kassiani tumekuwa kama walinzi wawili, akija mtu kutoka Mpanda tunamwahi kabla hajafungua mdomo. Kassiani hata amemnunulia bia mtu mmoja ili asizungumzie mpira.

Lakini wewe je? Huko Mpanda wewe ndiye uliyeharibu, na jina unalochafua siyo lako peke yako, ni la huyo huyo Malale. Kuficha haya ya baba ni heshima, nakubali. Kubeba lawama isiyo yako mpaka uzeeke, hapo ndipo siwezi kukuelewa. Mwambie hata mwenyekiti peke yake. Usipomwambia, nitamwandikia mimi, na unajua mwandiko wangu unasomeka.

Pudensiana


Mpanda,
11 Oktoba 1996

Mdogo wangu,

Usiandike. Nakuomba kama kaka, na kama kaka haitoshi nakuomba kama mtu aliyekubeba mgongoni ulipoumwa surua.

Jina la Malale liko salama. Wanaona nilikosea, lakini hakuna anayesema niliuza mchezo. Mtu akikosea anacheza tena. Mtu aliyeambiwa ameuza hana pa kuchezea.

Kitambaa amepewa Ponsian. Ni kijana mzuri, anaona aibu kukivaa. Kila kona ikipigwa ananigeukia kwanza, nami namwonyesha kwa kidevu pa kusimama. Mluzi sipigi tena, tumekatazwa. Sasa tunaita kwa sauti na hatusikiani, lakini ligi ijayo tutaona.

Mwambie baba kofia mpya iko njiani na Kassiani. Usimwambie kwa nini ni nzuri kuliko ile ya kwanza.

Nashon


Mpanda,
16 Juni 1997

Dada Pudensiana,

Hatujaonana, mimi ni Ponsian, yule beki wa kushoto ambaye msuli wake umewaletea haya yote. Nashon amekataa kukuandikia, anasema hajui aanzie wapi. Mimi najua, kwa hiyo nimeomba anwani kwa Kassiani.

Jumamosi tulikuwa na mchezo wa kwanza wa ligi, na Namanyere. Tumevaa jezi, tumekaa kwenye benchi tunafunga viatu, viongozi wamesimama mbele yetu. Mara anakuja mzee mrefu na fimbo yake, kofia mpya, vumbi la safari mpaka magotini. Anakwenda moja kwa moja kwa mzee Cletus.

"Mwangaluka," akasalimia kwa Kisukuma. "Mimi ndiye niliyewapigia mluzi mwaka jana mkapata lile bao. Nimekuja tena. Ila sijui leo nisimame upande upi, maana wale ndugu walionibeba siwaoni."

Mwenyekiti alimtazama mzee. Akatazama ile fimbo, akatazama alivyosimama, mguu mmoja mbele. Kisha akageuka akamtazama Nashon, na Nashon alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu kilichokwishafungwa. Hakuinua kichwa.

Nikajua kila kitu. Nadhani sote tulijua, kwa sababu hakuna aliyecheka. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miezi yote hiyo nimevaa kitambaa cha mtu ambaye hakukosea, na nilikuwa nimemsamehe moyoni mwangu, unaona ujinga huo? Nilikuwa nimemsamehe.

Mzee Cletus akachukua kiti chake mwenyewe, akakipangusa kwa mkono, akakiweka pembeni ya benchi. Akasema, "Kaa hapa, mzee wangu. Ndugu zako ndio hawa." Baba yenu akakaa. Hakuna aliyemwambia neno lingine, na kama kuna mtu atakuja kumwambia, basi siyo wa Nyota ya Reli.

Mimi nikavua kitambaa nikamfunga Nashon mkononi. Alitaka kusema kitu. Nikakaza fundo. Mwenyekiti akajifanya anaangalia mawingu, na mawingu hayakuwepo.

Kisha mzee Cletus akainama kwa baba yenu kwa adabu sana. "Mzee, ombi moja. Leo mluzi tuachie kepteni apige mwenyewe."

Mzee akafikiri. "Ni sawa," akasema. "Zizi moja, mluzi mmoja."

Alikaa mchezo mzima ameweka mkono mdomoni ili asisahau. Na Nashon alipiga, dada. Alipiga mara ya kwanza, Namanyere wakaotea. Akapiga tena, wakaotea tena, mpaka mshambuliaji wao akamlalamikia refa kwamba kuna mtu anachunga ng'ombe uwanjani. Kila mluzi ukilia baba yenu alikuwa anaitikia kwa kichwa mara moja, na safari moja nilimsikia akisema peke yake, "Sasa anauvuta mpaka mwisho."

Tulitoka bila kufungana. Mzee akaniuliza mbona leo mpira haukuingia popote. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya mwanao, mzee, usiingie.

Akatazama goli letu, akasema, "Basi hakuna aliyepotea. Huyo ni mchungaji."

Nashon alikuwa nyuma yake, alisikia. Akaenda kunawa uso kwenye ndoo na akanawa muda mrefu sana. Yeye ndiye beki mkubwa niliyewahi kucheza naye, na sasa najua kwamba nilikuwa sijaona hata nusu.

Ni mimi,
Ponsian


Kasansa,
29 Juni 1997

Kwa mwanangu Nashon,

Mimi Malale nasema na Pudensiana anaandika. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze, na ameapa.

Nilifika salama. Mbung'o waliniuma wakachoka. Ng'ombe hawajambo, ila Kepteni amevunja ua wa jirani, na jirani nimemwambia fahali mwenye jina kama hilo lazima awe mkali.

Nilisema zamani kwamba mpira ni kazi ya watu wasio na ng'ombe. Nimesema hivyo mbele za watu, kwa hiyo na hili nalisema mbele za watu, nimelisema mnadani: mwanangu ana zizi lake Mpanda, lango lake ni pana kuliko langu, fimbo hana, na hakuna kinachopita. Wazee walisikia. Mmoja akauliza unalipwa nini. Nikamwambia aende akaone jinsi baba yako anavyopewa kiti.

Kuna mtamba mweupe wa masikio meusi, mtoto wa yule aliyetulisha mwaka wa njaa. Nimemtenga, ni wako. Goti likikataa kuchunga watu, uje umchunge yeye.

Wenzako nimewapenda. Yule mwenyekiti ana adabu. Yule kijana aliyekufunga kitambaa, mwambie ale vizuri, watu wenye afya hawabanwi misuli.

Mwisho, nasikia mwezi ujao mnacheza tena na Sumbawanga, mchezo wa kirafiki. Mimi sitakuja, ni wakati wa kuhamisha mifugo. Lakini wale ndugu wenye ngoma walionibeba lazima watakuwepo, watu wema kama wale hawawezi kukosa. Nisalimie sana. Ukimwona mwenye kofia yangu mwambie aendelee kuivaa. Na uwaombe radhi kwa niaba yangu, uwaambie mwaka huu mluzi nimemwachia mwanangu.

Baba yako,
Malale